Gari Lililochakaa Kabla ya Kupelekwa Sokoni

Gari lililotembea kilomita laki mbili na zaidi huwa na uchakavu wa aina mbili, na mwenye kuliuza hufanya vyema kuzitenganisha kabla hajashika hata kitambaa. Uchakavu wa kwanza ni wa vyuma: pistoni, gia, bushi, shokapu. Huo hautoki kwa sabuni. Wa pili ni wa vumbi, jua, jasho, mizigo na kutojali, na huo kwa sehemu kubwa unaondoka kwa wiki moja ya kazi ya mikono. Magari mengi yanayobadilisha wamiliki Nyamagana, jijini Mwanza, kuanzia Buhongwa na Mkolani hadi Igoma, ni Toyota ambazo zilikwishatumika Japani kabla hazijateremshwa bandarini Dar es Salaam: IST za mwaka 2002 hadi 2007, Probox, Noah, Raum, Spacio. Mnunuzi wa gari la namna hiyo anajua kwamba hanunui upya. Anachokitafuta ni dalili kwamba gari lilikuwa na mwenyewe, yaani mtu aliyebadilisha oili kwa wakati na kuziba tundu kabla halijawa pango. Zulia lenye makombo ya miaka mitatu humfanya afikirie kwamba hata gia imeachwa vivyo hivyo, na hapo hukata bei kwa mambo asiyoyaona pamoja na yale anayoyaona.

Uamuzi wa kwanza ni wa fedha. Makosa makubwa katika kuliandaa gari kuukuu hutokea kwa fundi rangi. Rangi mpya ya mwili mzima juu ya gari la miaka 20 humfanya mnunuzi mzoefu ashuku. Atagonga milango kwa kidole akisikiliza sauti nzito ya puti, atapitisha sumaku kwenye madigadi, atakagua mipira ya vioo kama ina matone ya rangi. Hata akikuta hakuna kilichofichwa, shaka imekwisha kuingia. Aidha, rangi ya gari imeandikwa kwenye kadi. Ikibadilishwa bila kadi kurekebishwa, gari na nyaraka zake havilingani tena, na mauziano hukwama. Fedha hiyo huzaa zaidi ikipelekwa kwenye usafi wa ndani, taa za mbele, kichujio cha hewa na vitu vidogo vilivyokufa: swichi ya kioo, taa ya namba, mpini wa mlango. Kurudisha nyuma kilomita kwenye dashibodi ni jambo jingine kabisa. Huo ni udanganyifu, na Sheria ya Mikataba ya Tanzania inampa aliyedanganywa haki ya kuuvunja mkataba.

Suala la pili ni mahali pa kuoshea. Watu wa mji uliojengwa ukingoni mwa maji hushawishika kuliingiza gari ndani ya Ziwa Viktoria hadi magurudumu yalowe, au kulisimamisha kando ya Mto Mirongo na kuchota kwa ndoo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto, shughuli za kudumu na zile zinazoweza kuuharibu ukingo huo. Oili na sabuni zinazotiririka kutoka kwenye gari haziwezi kutetewa mbele ya maneno hayo. Sababu ya kiafya ina uzito kuliko hiyo ya kisheria. Vimelea vya kichocho hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi ya mtu aliyesimama ndani ya maji. Upande wa pili wa ziwa, jijini Kisumu, watafiti wa Kenya na wa Marekani waliwafuatilia kwa miaka mingi, tangu muongo wa 1990, vijana waliokuwa wakiosha magari ndani ya ziwa. Walitibiwa kwa prazikwanteli, wakapona, wakarudi kazini, na wengi wakaambukizwa upya, baadhi kwa haraka na wengine baada ya muda mrefu. Kwa hiyo gari huoshewa kwenye kituo chenye sakafu ya zege na shimo la kukusanyia maji machafu, au uani kwa maji ya bomba.

Kazi huanzia ndani, kwa kuwa vumbi linalotolewa ndani huangukia nje, na kwa kuwa viti na zulia huhitaji muda wa kukauka. Kila kisicho cha gari hutolewa: risiti, chupa, chaja, viatu, tasbihi au rozari ya kwenye kioo, vitambaa vya kutandika dashibodi. Buti hufunuliwa hadi kwenye shimo la spea, mahali ambapo maji ya mvua hujikusanya bila kujulikana. Jeki na spana ya gurudumu hufutwa na kurudishwa, maana mnunuzi akikosa jeki atauliza ni nini kingine kilichopotea. Gari lililokuwa likileta magunia ya mpunga kutoka Magu au mkaa kutoka Sengerema lina mambo yake. Vumbi la mkaa hufyonzwa kwa mashine kabla ya kuguswa na chochote chenye maji, la sivyo hugeuka wino ndani ya kitambaa cha kiti. Punje zilizojificha kwenye reli za viti hufuga mende na wadudu wa nafaka; brashi nyembamba ya kupakia rangi huzitoa vizuri kuliko mashine yenye mdomo mpana.

Makava ya viti yanastahili neno la peke yake. Magari mengi huvalishwa makava yaliyoshonwa mara tu yanapoingia nchini, na hayavuliwi tena. Chini yake mara nyingi kuna kitambaa cha kiwandani ambacho hakijaguswa tangu Japani, pengine ndicho kitu kizima kuliko vyote garini. Ni hasara kukificha chini ya ngozi bandia iliyopasuka. Makava yavuliwe kwanza, viti vitazamwe, ndipo iamuliwe. Kiti kilichochanika kweli kibaki na kava safi, na mnunuzi aambiwe.

Kwa kusafisha kitambaa, sabuni ya unga si chaguo zuri, kwa sababu hubaki ndani ya sponji ya kiti na kuvuta uchafu upya, tena huacha mstari mweupe ikikauka. Shampuu ya makapeti au sabuni ya maji kidogo kwenye maji ya uvuguvugu hutosha: povu ndilo linalopakwa, husuguliwa kwa brashi laini, kisha hufutwa kwa taulo nyevu na kufyonzwa. Kiti kikiloweshwa hadi chini huchukua siku kukauka na huanza kunuka ukungu. Chini ya viti vya mbele kuna nyaya, na zile zenye viunganishi vya njano ni za mifuko ya hewa. Hazichezewi wala hazimwagiwi maji. Pakilazimika kuking'oa kiti, kwa kawaida kwa kufungua bolti 4 za namba 14, ncha hasi ya betri hutolewa kwanza na kusubiriwa angalau sekunde 90 ili umeme uliohifadhiwa uishe. Mikanda ya usalama huvutwa yote nje, husuguliwa, na huachwa imevutwa hadi ikauke. Dari ya gari hufutwa kwa mkono mwepesi sana, maana gundi ya gari la miaka 20 ikilowa huachia na kitambaa kuning'inia vichwani mwa abiria.

Harufu ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, na kando ya Ziwa Viktoria harufu ina jina: samaki. Probox au Noah iliyowahi kubeba sangara wa barafu, au magunia ya dagaa kutoka mwalo wa Kirumba, hunuka miaka baada ya biashara kukoma. Wengi hujaribu kuitibu kwa manukato ya kuning'iniza, na matokeo yake ni gari linalonuka samaki na stroberi kwa pamoja. Manukato makali yana hasara nyingine pia, maana mnunuzi huyachukulia kama tangazo la kitu kinachofichwa.

Harufu ya samaki anayeoza hutokana na amini na amonia, kemikali zenye asili ya magadi zinazotoka kwenye protini na kuruka hewani kwa urahisi. Tindikali huzigeuza kuwa chumvi isiyoruka, na kisichoruka hakifiki puani. Hii ndiyo sababu mpishi hukamulia samaki ndimu, na gari hutibiwa kwa kanuni hiyohiyo. Siki nyeupe, sehemu moja kwa sehemu tatu za maji, hupulizwa juu ya zulia na sakafu, huachwa kwa muda wa nusu saa, kisha hufutwa kwa maji safi na kukaushwa. Majaribio hufanywa kwanza pembeni, pasipoonekana, kuangalia kama rangi ya kitambaa haichuji. Magadi ya kuokea mikate, yanayosifiwa sana kwa kazi hii, hayamalizi harufu ya samaki kwa kuwa nayo ni ya asili ileile. Hayo yafaa kwa maziwa yaliyomwagika na jasho, ambavyo harufu zake ni za tindikali. Humwagwa makavu jioni na kufyonzwa asubuhi.

Hata hivyo siki haifiki mahali ambapo maji ya barafu yalifika. Majimaji ya samaki hupita kwenye zulia, hulowesha sponji nene iliyo chini yake na kutulia juu ya bati. Zulia lisipoinuliwa, harufu itarudi siku ya kwanza gari likianikwa juani madirisha yamefungwa, na siku hiyo huwa ndiyo siku ya mnunuzi. Sponji iliyolowa majimaji hayo hutolewa na kutupwa. Bati hufutwa, hutazamwa kutu, na vizibo vya mpira vya sakafuni hufunguliwa ili mabaki yatoke. Kutu ndogo husuguliwa kwa msasa na kupakwa rangi ya kuzuia kutu. Hapa magari ya kanda ya ziwa yana nafuu moja: maji ya Ziwa Viktoria hayana chumvi, na hewa yake hailiumi bati kama hewa ya bahari ya Tanga au Zanzibar. Kutu nyingi ya sakafuni kwenye gari lililokaa Mwanza basi ina chanzo cha karibu zaidi, ama mzigo, ama mafuriko.

Gari lililoingiwa na mafuriko, kwa mfano maeneo ya mabondeni karibu na Mirongo, huonekana kwa tope laini lililokauka ndani ya reli za viti, nyuma ya vifuniko vya plastiki na kwenye mifuko ya mikanda. Tope hilo lisafishwe, lakini habari yake isifutwe pamoja nalo, kwa kuwa viunganishi vya nyaya vilivyolowa huharibika polepole na mnunuzi anahitaji kuvikagua.

Harufu ya uvundo inayotoka matunduni AC inapowashwa ni tatizo tofauti. Kwenye Toyota nyingi ndogo kichujio cha hewa ya ndani kimekaa nyuma ya kabati la dashibodi, na hutolewa kwa mkono bila spana. Katika gari lililotelekezwa huwa cheusi, kimejaa majani na mbawa za wadudu. Kipya ni bei ndogo, na hakuna matengenezo mengine yanayobadilisha hewa ya garini kwa gharama kama hiyo.

Injini huoshwa siku kadhaa kabla ya gari kuonyeshwa, kamwe si asubuhi ya mauzo. Injini inayochuruzika maji humfanya mnunuzi adhani kuna uvujaji wa oili uliofutwa dakika tano zilizopita. Ikioshwa mapema, muuzaji mwenyewe hupata nafasi ya kuona oili inakotokea tena na kubadilisha kifuniko au sili kabla fundi wa mnunuzi hajakionyesha kwa tochi. Injini iwe imepoa. Altaneta, sanduku la fyuzi, mdomo wa kuvutia hewa na koili za plagi hufunikwa kwa mifuko ya plastiki; kwenye injini za 1NZ na 2NZ zilizomo kwenye IST, koili zimesimama juu ya plagi, na maji yakituama ndani ya mashimo yake injini huanza kumisi. Dawa ya kuondolea grisi hupulizwa, husuguliwa kwa brashi, husuuzwa kwa maji mepesi, kisha kompresa humalizia. Petroli haitumiki kwa kazi hii kwa sababu iliyo wazi. Mafuta ya taa na dizeli huondoa grisi lakini hulainisha mipira na mabomba, na harufu yake huingia hadi ndani ya gari.

Kwa nje, adui wa kwanza ni vumbi la Mwanza lenyewe. Miamba ya jiji hili ni granaiti, na mchanga unaotokana nayo una kwatsi, madini magumu kuliko kioo. Kupangusa vumbi hilo kwa kitambaa kikavu, kama wafanyavyo vijana wa maegesho kila asubuhi, ni kuipiga rangi msasa. Mistari ya duara inayoonekana jua likiwaka juu ya boneti jeusi imetokana na kupangusa huko. Gari humwagiwa maji mengi kwanza, kuanzia juu kwenda chini, ndipo sponji iguse. Ndoo ya pili yenye maji matupu hutumika kusuuzia sponji kabla haijarudi kwenye sabuni. Sabuni ya unga ya kufulia huondoa nta iliyobaki, na shampuu ya gari ni ya bei ya kawaida tu.

Mashambulizi mengine hutoka angani. Wadudu wadogo wanaoinuka ziwani kwa makundi mithili ya moshi hufia kwenye bampa na kwenye mapezi ya rejeta. Taulo lililolowa likiwekwa juu yao kwa dakika kumi huwalainisha, na hakuna haja ya kukwangua. Mapezi ya rejeta husafishwa kwa maji ya nguvu ndogo, maana hupinda upesi. Kinyesi cha makorongo wanaokaa juu ya miti ya mjini na karibu na mialo kina tindikali, nacho kikipikwa na jua la nyuzi mbili na nusu kusini mwa ikweta huacha alama zisizotoka kwa kuoshwa.

Baada ya kuosha, kiganja kikipitishwa juu ya rangi husikia mikwaruzo ya chembe zilizoganda. Udongo maalumu wa kusafishia rangi, ukiteleza juu ya maji ya sabuni, huzing'oa. Kisha hufuata kompaundi. Tabaka la juu linalong'aa, ambalo mafundi huliita kliya, kwa kawaida lina unene wa mikroni 40 hadi 50, pungufu ya unywele, na kila ung'arishaji hula sehemu yake. Mashine ya kung'arishia mikononi mwa mtu mwenye haraka inaweza kuimaliza kwenye kingo za milango kwa sekunde chache, kwa hiyo kazi ya mkono, taratibu, kivulini, inatosha kwa gari la kuuza. Pale kliya ilipokwisha kubanduka, na mara nyingi ni kwenye boneti na paa, hakuna kompaundi itakayoirudisha. Sehemu hiyo ama hupakwa upya peke yake na mnunuzi kuambiwa, ama huachwa na bei kuakisi hali hiyo. Nta hupakwa mwisho.

Taa za mbele zilizofubaa na kuwa njano huzeesha gari kuliko hata mkwaruzo wa mlangoni. Ni plastiki ya polikaboneti ambayo kinga yake imeliwa na jua. Dawa ya meno hung'arisha kwa siku chache tu. Njia inayodumu ni msasa wa maji: namba 1000, halafu 2000, halafu 3000, rangi ya pembeni ikiwa imefunikwa kwa gundi ya karatasi. Kompaundi hufuata, na mwisho kliya ya kupuliza yenye kinga dhidi ya jua. Bila hiyo ya mwisho, njano hurudi baada ya miezi michache. Ukungu uliomo ndani ya taa hauhusiki na msasa. Huo ni sili iliyokufa.

Kioo cha mbele hubeba historia yote ya gari: stika za bima za miaka iliyopita, za Nenda kwa Usalama, na kwa magari ya zamani hata stika ya ada ya mwaka ya gari, iliyofutwa katika bajeti ya 2017. Zilizokwisha muda huloweshwa kwa maji ya moto na kukwanguliwa kwa wembe uliolazwa, gundi ikimaliziwa kwa spiriti. Stika zenye uhai hubaki. Upande wa ndani wa kioo hufutwa mara mbili, kwa kuwa utando wa plastiki ya dashibodi hauonekani hadi jua la jioni liupige.

Chini ya gari, tope na changarawe za barabara za mlimani hutolewa kwenye mabeseni ya magurudumu kwa maji ya presha. Desturi ya kupulizia oili chafu iliyochanganywa na dizeli ili chini paonekane peusi na papya iachwe kabisa: hunasa vumbi, huharibu bushi za mpira na huziba macho ya fundi anayetafuta uvujaji. Tairi husuguliwa kwa brashi na sabuni. Polishi yake ipakwe kidogo, maana tairi kipara halifichiki kwa kung'aa.

Picha hupigwa asubuhi au alasiri gari likiwa kavu, na mkwaruzo mkubwa nao upigwe, ili anayesafiri kutoka Geita au Bunda asije akaumalizia hasira mlangoni. Siku ya kuonyesha, injini iachwe baridi hadi mnunuzi afike, kwa kuwa mlio wa kuwaka asubuhi ndio anaotaka kuusikia. Kadi, stakabadhi za oili na vipuri, na uthibitisho kwamba gari halidaiwi faini za barabarani vikae kwenye bahasha moja. Fedha zikishapokewa, umiliki hubadilishwa Mamlaka ya Mapato (TRA) bila kuchelewa. Gari likibaki kwa jina la muuzaji, faini za dereva mpya huendelea kuandikwa kwa jina hilo.